Neno Lililobaki Nje ya Kambi ya Asali

Hadi leo wazee wenzangu wa Usoke wakikutana huisifu kambi yetu ya asali ya mwaka ule. "Eh, mwaka ule nyuki walitupenda!" Mimi hunyamaza. Wanadhani nina kiburi, waache. Kiburi nilikuwa nacho wakati ule. Sasa nina kisukari, na nyumba ambayo tangu mwaka ule haijawahi kuwa na mtu wa pili.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Kiangazi kikianza, wanaume tuliingia porini, mwendo wa siku mbili, tukakaa kambini miezi miwili na ushee tukishusha mizinga. Mwaka ule nilichaguliwa mkuu wa kambi, nami nilikuwa kijana kuliko wakuu wote waliotangulia. Nilikuwa na mke mchanga, mja mzito, na nilimwacha peke yake. Mama alikwisha fariki, ndugu zangu wote niliwachukua porini. Siku ya kuondoka mke wangu alinisindikiza hadi nyuma ya zizi akasema, "Naogopa." Nikacheka. Nikamwambia mimba si ugonjwa. Mpumbavu mkubwa mimi!

Kambini kulikuwa na mwiko: habari za nyumbani haziingii mpaka mzinga wa mwisho ushuke. Huzuni ikiingia, nyuki huwa wakali, na aliye juu ya mti akiwaza kwake huanguka. Lakini wakuu wa zamani walikuwa na busara yao. Mleta unga alisimama nje ya boma la miiba, mkuu akatoka peke yake kumsikiliza. Kama jambo ni zito, mkuu alimrudisha mhusika nyumbani kwa kisingizio cha kufuata chumvi. Mwiko ule ulikuwa wa kambi, haukuwa wa mkuu. Nilijua. Ila nilitaka kambi isiyo na doa, nisifiwe.

Jirani yetu mmoja ndiye aliyetuletea unga waliotwanga wake zetu, mara tatu. Mara ya pili alitua mzigo akabaki amesimama. "Mkuu, nina neno." Nikamkatiza mbele ya watu: "Neno lako likae huko huko lilikotoka!" Wenzangu wakaangua kicheko, wakanisifu kwa msimamo. Mara ya tatu hakusema kitu. Alinitazama tu.

Na kweli, hakuna aliyeanguka. Madebe yalijaa mpaka tukashona vilindo vya magome kuhifadhi iliyozidi. Jioni tulitaniana hadi mbavu zikauma, na sijacheka hivyo tena maishani. Miti ilipochipua majani mekundu, tukajua mvua i karibu, tukavunja kambi. Tulitoka porini tukiimba, na sauti zilipungua kila njia ilipogawanyika, hadi nikabaki peke yangu na debe la asali nyeupe niliyomchagulia mke wangu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani akaja, akanieleza akiwa ameinamisha kichwa. Mimba ilikuwa imeharibika katika mwezi wa kwanza wa kambi. Mke wangu alivuja damu siku mbili, akishikwa na wanawake wa jirani, akatuma neno moja tu: "Njoo." Alinisubiri wiki nyingi. Mwishowe baba yake akaja akamchukua kwa treni, wakaenda kwao Kigwa.

Nikamfuata na debe langu. Baba mkwe aliitikia shikamoo yangu kwa upole, "Marahaba, mwanangu, keti," na upole ule uliniuma kuliko fimbo. Mke wangu akaja akakaa kwenye kigoda cha mbali, amekonda. Nikasema nimekuja kumchukua. Nikajitetea kwa mwiko, kwa nyuki, kwa usalama wa watu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno.

"Nilijua umemkatiza jirani," akasema. "Nikadhani labda aliporudi mara ya tatu ulimvuta pembeni. Ulimuuliza nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini macho yake yalikuwa bado yananitumainia, ndivyo nilivyoyaona.

"Nilimuuliza kwa nini unga umepungua."

Akainuka taratibu, mkono ukutani.

"Ulipungua," akasema, "kwa sababu nilikuwa natwanga nimekaa."