Kumbukumbu Zimethibitishwa

Shangazi yangu ameandika kumbukumbu za kamati ya wabunge wa chama kwa miaka ishirini na nane. Ni kamati ile inayokutana kabla Bunge halijakaa, mlango ukiwa umefungwa, wabunge wa chama kimoja wakikubaliana nani awaongoze na wakaseme nini huko nje. Chumba chao kiko ghorofa ya pili: viti sitini, meza ndefu, feni inayolalamika. Ukutani zimetundikwa picha za viongozi wote wa kamati tangu ianze. Kila Jumatatu Shangazi huzifuta vumbi kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani. Kile cha ofisi, anasema, kinahamisha vumbi tu.

Wabunge humwita Mama Yatokanayo. Ajenda ya yatokanayo, ile ya kuulizia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, ndiyo kila mtu hutamani irukwe, naye haruhusu irukwe.

"Mheshimiwa, uliahidi barua. Iko wapi?"

Ukumbi hucheka, na mheshimiwa huanza kutafuta kalamu chini ya meza.

Picha moja haipo ukutani. Hiyo ndiyo habari yake, na alinisimulia akiwa anapiga pasi, bila kuinua macho.

Miaka kumi na tisa iliyopita kamati ilimchagua mwanamke kuwa kiongozi, wa kwanza kabisa. Alikuwa mkunga kabla ya kuwa mbunge, na jina la Mkunga likamganda. Makao makuu ya chama yalikuwa na mtu wao. Lakini kura ilikuwa ya siri, na Shangazi alizihesabu mezani mbele ya watu wote: Mkunga thelathini na moja, mtu wao ishirini na tisa. Wakapiga makofi. Karatasi zikachomwa, kama ilivyo desturi yao. Hesabu ikabaki katika daftari la Shangazi, kwa hatimkato.

Wiki nzima simu za wabunge zililia. Kikao kilichofuata Mkunga alikalia kiti, kumbukumbu zikasomwa. Mnadhimu, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wa chama, akasimama.

"Naomba masahihisho madogo. Ukurasa wa pili. Thelathini na moja isomeke ishirini na tisa. Ishirini na tisa isomeke thelathini na moja."

Hakuna aliyecheka. Kanuni inasema masahihisho hupigiwa kura ya mikono, na anayeuliza ni aliyekalia kiti. Kwa hiyo Mkunga mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Wanaoafiki?" Mikono arobaini na saba. Mnadhimu alikuwa akiandika majina ya ambao hawakunyoosha. Mkunga akainuka, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameongoza kamati kwa dakika tisa.

Kumbukumbu zikathibitishwa, mtu wao akakalia kiti na kutia sahihi, na Shangazi akatia ya kwake. Halafu akafanya alichokuwa akifanya baada ya kila kikao: kanuni inataka rasimu iharibiwe mara kumbukumbu zikishathibitishwa, akalichanachana lile daftari. Jioni Mkunga akabisha mlango.

"Dada, lile daftari lako. Nalihitaji."

"Nimeshalichana."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Mkunga alilitazama pipa la taka kwa muda, akasema asante, akaondoka. Nilimuuliza Shangazi kwa nini hakulificha. Akasimamisha pasi. "Baba, mkono ulikwenda wenyewe. Miaka tisa ulikuwa unakwenda vile vile."

Mwaka huu kamati imeandika kitabu cha historia yake. Orodha ya viongozi ililetwa kwa Shangazi aihakiki kabla ya kuchapwa, maana hakuna mwingine anayejua. Kati ya jina la tatu na la nne akaandika, kwa kalamu ya bluu, jina kamili la Mkunga. Kesho yake akaitwa na kiongozi wa sasa wa kamati. Ni yule yule aliyekuwa mnadhimu.

"Mama Yatokanayo, huyu umemtoa wapi?"

"Kikaoni, mheshimiwa. Ulikuwepo."

"Nimekaa vikao vingi mimi. Kumbukumbu zinasemaje?"

"Zinasema alishindwa."

"Aliziandika nani?"

"Mimi."

"Na sahihi hii?"

"Yangu."

"Sasa unataka nimwamini nani, wewe au wewe?" Akacheka kwa upole, akaagiza aletewe chai.

Niliposikia niliwaka. Nilimwambia twende magazetini, twende mahakamani, uongo hauwi kweli kwa sababu umenyooshewa mikono! "Nikawaonyeshe nini?" akauliza. "Kichwa changu?" Nikapigia simu wabunge wastaafu watano wa wakati ule. Wanne hawakukumbuka. Wa tano alikumbuka vizuri sana, akaniomba nisimpigie tena.

Mkunga sasa hatoki kitandani, yuko kwa binti yake. Aliposikia habari za kitabu alianza kumpigia Shangazi simu kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita nilikuwapo. Kitabu kilikuwa mezani, bado kwenye nailoni. Nilikuwa nimekwisha kuona ukurasa wa kumi na nne kwenye nakala nyingine: jina la tatu, kisha la nne.

"Kimetoka?" Sauti ilisikika hadi nilipokaa.

"Bado, dada. Wako kwenye masahihisho."

"Waambie jina la baba yangu wasilikosee. Huwa wanalikosea."

"Nitawaambia."

Shangazi akakata simu, akakisukuma kitabu chini ya vitambaa alivyokuwa amevikunja.

"Ijumaa ijayo nimwambie nini?" akaniuliza. Mimi, msomi wa ukoo, ninayejua haki za kila mtu kwa vifungu.