Pikipiki Ambayo Haikuwapo

Nilimdanganya mzee wa watu, na uongo wangu ukamfungia ndani ya gari lake mwenyewe. Naandika haya kwa sababu sina wa kumwambia. Nimeyabeba kutoka mji hadi mji, na hayajapungua uzito.

Wacha nianze mbali, maana hata mimi nilitoka mbali.

Nilifika Nairobi kutoka Moyale, juu ya lori la ng'ombe. Vumbi la Marsabit mdomoni, baridi ya Nanyuki mifupani, na harufu ya mbuga nzima kwenye koti. Kwetu ni Vihiga, lakini tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia mahali. Nimekuwa utingo kule Malaba, nimeendesha matangi ya maji Lokichar, nimepeleka saruji hadi Juba. Na kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka. Nikiwa Juba, naota Lokichar. Nikiwa Lokichar, nasikia mvua ikigonga mabati ya jikoni kwa mama. Ugonjwa gani huu! Mke wangu alinivumilia hadi akachoka, akaolewa na mtu anayelala nyumbani.

Nairobi nilipanga chumba Kangemi, kidogo hivi kwamba nikinyoosha miguu nagonga mlango. Nilikuwa nimeanza kuwaza Mombasa wakati jamaa mmoja tuliyefanya naye kazi Lokichar aliponipigia simu.

"Kuna mzee Karen anataka dereva aliyezoea gari zito," akasema. "Ni la kifahari, lakini uzito ni wa lori. Usiniaibishe."

Nilidhani gari lisilopenya risasi ni la marais na mabalozi. Kumbe raia yeyote mwenye uwezo huagiza lake, anachagua rangi ya viti kama anayeagiza makochi! Lilikuwa gari aina ya jipu, refu, jeusi, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa ndani, na chuma kimefichwa kwenye kila mlango. Kioo kilikuwa kinene kama Biblia ya mchungaji. Mlango uliufungua kwa mikono miwili, na ukiegesha kwenye mteremko ulirudi kwa kishindo cha kuvunja mguu. Breki ulianza kukanyaga mapema, wakati wenzako bado wanaongeza mwendo.

Madirisha hayakufunguka. Langu tu ndilo lililoshuka, upana wa kiganja, ili niweze kutoa stakabadhi ya maegesho. Ukitaka kuongea na mtu wa nje ulibonyeza swichi karibu na usukani, ukasemea kipaza sauti, na sauti yako ikatokea chini ya boneti, na ya aliye nje ikaingia ndani.

Ndani kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwingine. Siku ya kwanza mvua kubwa ilipotukuta niliona maji yakitiririka kwenye kioo, lakini mlio hakuna. Mvua bila sauti! Nilihisi kama nimekufa na sijaambiwa.

Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa Kitui, mkandarasi wa barabara aliyestaafu. Miaka ya nyuma majambazi walimvamia langoni akiwa na mkewe, wakachukua gari wakaenda. Hawakuumizwa, lakini mkewe hakupata usingizi mzuri tena, na ndipo Mzee alipoagiza jipu lile. Baadaye mkewe akafariki. Watoto wako ng'ambo. Mzee akabaki na nyumba kubwa, mlinzi wa lango aitwaye Wekesa, na mimi. Nilipewa chumba nyuma ya nyumba. Aliniita kijana, ingawa nina mvi.

"Kijana, hizo mvi ni za nini?"

"Ni vumbi la Moyale, Mzee. Halitoki."

Alicheka hadi akakohoa.

Siku yake ya kutoka ilikuwa Jumamosi. Kwanza tulizunguka hadi Kangemi, kwa sababu nilimsifia mahindi ya kuchoma ya Mama Nafula, jirani yangu wa zamani. Nasimamisha jipu kando ya jiko lake, Mzee anainama mbele kutoka kiti cha nyuma, anabonyeza swichi, na sauti yake inalipuka barabarani:

"MAMA! NATAKA MAWILI! LAINI LAINI!"

Watu waliruka. Mama Nafula aliinua mikono juu kama yuko kanisani. "Nena, Bwana! Mtumishi wako anasikia!"

"Huyo amezeeka kama mimi, anataka kunitania," Mzee akasema, akisahau kwamba swichi bado imewashwa, na soko zima likacheka. Mahindi yaliingia kwa dirisha langu, moja moja, kwa ncha, maana nafasi haikutosha kitu kingine.

Kisha tukaenda Kilimani, kwa Mwalimu Kyalo. Walichunga mbuzi pamoja utotoni, yeye na Mzee. Mwalimu alikuwa akiishi na binti yake kwenye ghorofa, na kila Jumamosi alitandika ubao wa drafti barazani, ubao wa mbao aliouchora mwenyewe, vifuniko vya soda vikiwa ndio kete. Mimi sikuachwa garini. Niliwekewa kiti, nikapewa chai, na anayeshindwa alinipisha nicheze. Kwa mara ya kwanza maishani nikajikuta sitamani kuwa mahali pengine. Mniamini, hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Basi Jumamosi moja Mwalimu akasogeza kete yake, akamtazama Mzee juu ya miwani yake iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja.

"Bwana Lami," akasema, maana ndivyo alivyomwita, "uza hilo sanduku. Barabara umezijenga wewe, sasa unaziogopa?"

"Na huyu kijana nimpeleke wapi?"

"Huyu? Huyu ametoka Moyale na ng'ombe! Atashindwa na nini?"

Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kuliko wao. Lakini kikombe nilikiweka chini kabla sijakimaliza.

Tulipokuwa tukirudi, Mzee alipapasa kiti chake. Halafu akasema, "Mwalimu anasema ukweli. Nimechoka kunusa ngozi ya viti. Nikipata mnunuzi, nauza."

Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Kulikuwa na gari la mboga tu, na nyuma yake barabara nyeupe ya jua. Nikaona chumba changu Karen kikifungwa, ubao wa drafti ukiondolewa barazani, na mimi juu ya lori jingine, nikielekea mji ambao nikifika nitakumbuka huu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mzee, usigeuke. Kuna pikipiki."

"Pikipiki gani?"

"Nyekundu. Imetufuata tangu langoni kwa Mwalimu."

Jameni! Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza ya nini? Nilitaka tu yasikike ya kweli. Nyinyi mnaoendesha magari ya aina hii mnajua: anayekaa nyuma haoni vizuri. Kioo cha nyuma ni cheusi, ni kinene, kinapinda vitu. Anategemea macho ya dereva. Mzee aliniamini kama anavyoamini macho yake. Alijishusha kwenye kiti mpaka nikawa siuoni uso wake.

Gari halikuuzwa. Nilipata nilichotaka. Ningejua bei yake!

Jumamosi iliyofuata, kabla hatujatoka langoni, akauliza, "Ipo?"

"Haipo, Mzee."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Basi wamebadilisha. Wamejua tumewaona."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Labda, Mzee."

Kangemi tukaacha kwenda, eti kuna watu wengi. Kisha Kilimani. "Nani alijua tunatoka pale saa ngapi?" alikuwa akiniuliza. "Si Mwalimu. Mwalimu hawezi. Lakini ghorofa lile lina watu wanaingia na kutoka, na yeye mdomo wake hauna mlango." Simu za Mwalimu ziliita mpaka zikanyamaza. Jumamosi zikawa za kuzunguka barabara za Karen zenye miti, hatusimami popote, kisha tunarudi. Siku nyingine hatukutoka hata langoni. Mzee alikuja tu kukaa garini, uani, mlango umefungwa, akisoma gazeti. Mimi mbele, yeye nyuma, na kimya kile. Hatukuwa na la kuongea. Vicheko vyote vilikuwa vya watu watatu.

Mwalimu alinipigia mimi.

"Kijana, mzee wako ni mgonjwa?"

"Yuko sawa, Mwalimu. Ana shughuli tu."

"Shughuli? Mtu amestaafu!" Akacheka peke yake. "Mwambie vifuniko vyangu vinaota kutu."

Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Asubuhi moja nilikuwa nampeleka Mzee kupimwa presha. Wekesa alifungua lango, nikatoa pua ya gari barabarani, na papo hapo bodaboda ikasimama ubavuni mwetu. Abiria aliyekuwa nyuma alishuka kwa shida, kofia ya pikipiki imemzidi kichwa, mfuko wa plastiki kwapani. Akaja upande wa Mzee akaanza kugonga kioo. Tulimwona akigonga. Hatukusikia chochote. Midomo ilikuwa inakwenda, kama samaki.

Pikipiki ilikuwa nyekundu.

"Ndiyo ile!" Mzee alipiga kelele, akajilaza kwenye kiti. "Ndiyo ile! Endesha! Endesha, kijana!"

Mimi nilikuwa nimeona miwani chini ya kofia ile. Niliuona uzi.

Swichi ya kipaza sauti ilikuwa karibu na kidole changu. Kubonyeza tu, basi! Sauti ya Mwalimu ingeingia mle ndani na mambo yangekwisha. Lakini Mzee angeuliza, kama huyu ni Mwalimu, ile iliyotufuata ilikuwa ya nani? Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo nilimwona Mwalimu amesimama katikati ya barabara. Aliunyanyua ule mfuko juu, tuuone. Kona ya ubao ilikuwa imechomoza.

Tuliporudi, Wekesa alitungoja na mfuko mkononi. Mzee akashuka.

"Mwalimu alikuja kuaga," Wekesa akasema. "Binti yake amehamishwa kazi, nyumba wameiachia. Yeye anarudi Kitui leo hii. Ameacha hii. Amesema nikwambie ule mchezo haukuisha, na zamu ilikuwa yako."

Mzee akaushika ubao kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenyewe.

"Alikuja na nini?"

"Na boda, Mzee. Angekuja na nini tena?"

Mzee akanigeukia. Wekesa alituangalia, akaona afadhali aende akafunge lango.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulimtambua?"

"Nilimtambua, Mzee."

"Na ile ya kwanza? Ya Kilimani?"

"Hakukuwa na pikipiki, Mzee. Haikuwapo. Niliogopa utauza gari."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa furaha. Yeye alitoa simu akampigia Mwalimu pale pale, sauti ya simu ikiwa juu kwa sababu masikio yake si mazuri. Mwalimu alipokea, na nyuma yake kulikuwa na kelele za stendi.

"Nilikuona ukinipita, Bwana Lami," akasema taratibu. "Sikukasirika. Nilijua kuna kitu unakiogopa. Sikujua ni mimi."

Mzee aliisogeza simu karibu na mdomo. Kondakta akaita abiria wa Kitui, na simu ikakatika.

Aliirudisha simu mfukoni, ubao kifuani. Kisha akaniambia, bila hasira, "Ungeniambia tu. Ningeuza gari, wewe ungebaki. Ulidhani mimi hapa ningebaki na nani?"

Ole wangu! Laiti angenipiga.

Sasa niko mji mwingine, naendesha lori la mchanga. Madirisha yake hayafungiki. Mvua ikinyesha inaniingia hadi mapajani, na naisikia yote, na sina ninayeweza kumwambia "sikia". Nasikia Mzee na Mwalimu huzungumza kwa simu siku hizi, lakini Mwalimu hajawahi kurudi Karen, na miguu ya Mzee haifiki tena Kitui. Nimewatenganisha watu waliochunga mbuzi pamoja, kwa sentensi moja niliyoisema nikiangalia gari la mboga.

Wewe unayemwendesha mtu, au unayemtunza mzee ambaye hawezi kujionea mwenyewe, nakuomba: usimtie hofu ili akuhitaji. Atakuhitaji kweli. Lakini hatakuwa yule uliyempenda. Na kama umeshasema uongo, usingoje upate njia nzuri ya kuueleza. Mimi nilingoja, na mtu akaja hadi dirishani.

Siku niliyoondoka ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuingia kwenye miti. Hakunifukuza, lakini sikuweza kukaa. Nilibeba mkoba ule ule niliokuja nao. Jipu lilikuwa uani, injini imezimwa, na Mzee alikuwa ndani, safari hii amekaa kwenye kiti changu. Niliinua mkono. Kioo kilikuwa cheusi, sijui kama aliniona.

Nilikuwa karibu na lango niliposikia kipaza sauti kikiwashwa nyuma yangu. Kikakwaruza. Nikasimama, sikugeuka. Nilisikia pumzi yake, kubwa, ikijaza ua wote. Wekesa naye alisimama, komeo mkononi, akingoja.

Tulingoja. Pumzi ikaingia, ikatoka.

Kisha swichi ikazimwa, na Wekesa akanifungulia lango.