Pua ya Jaa Letu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa chama cha jaa letu alinikabidhi gambuti, koti la mvua na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma. Alikuwa mama wa mtaa wa Shauri Moyo asiyecheka ovyo. "Vingine vyote unavyo," akaniambia. "Nimeajiri hiyo pua." Nilikuwa nimeuza samaki soko la Gikomba miaka mingi, naye alikuwa mteja wangu. Alijua namtambua samaki wa juzi hata akiwa amefungwa gazetini. Mke wangu aliposikia nimetoka kwa samaki nimeingia kwenye taka, alisema angalau sasa harufu itabadilika.

Nyinyi vijana mnaliona jaa letu kule mbele ya Komarock, mnadhani liliota lenyewe kama uyoga. Wapi! Tulichanga sisi wakazi, tukanunua machimbo ya mawe yaliyoachwa, kila familia ikapata hisa. Malori yalilipia kumwaga, na malipo hayo ndiyo yaliyojenga zahanati, na choo cha soko ambacho hakuna anayekishukuru mpaka tumbo limshike. Waliokuwa wakiitwa chokoraa wakawa wachambuzi wa taka, wenye glavu na kadi za uanachama. Thubutu kumwita mmoja wao chokoraa mkutanoni, utajua hujui.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Chini ya shimo tulitandika plastiki nene ili mchuzi usipenye. Mchuzi ndilo jina tuliloyapa yale maji meusi yanayovuja kutoka kwa taka. Kila jioni tulifunika taka kwa udongo, nzi wakalale njaa. Maganda yalioza yakawa mbolea ya shamba letu la sukuma wiki, pale chini ya mteremko. Mimi, mkaguzi wa lango, nilidunga kila lori kwa fimbo, nikanusa ile ncha. Taka za nyumbani, pita. Kemikali za viwandani, geuza, kwa sababu zingetoboa plastiki na mchuzi ungeteremka hadi kwenye sukuma tuliyokula wenyewe. Hiyo ndiyo tofauti, jamani. Mwenye jaa la zamani, lile la kabla ya hili letu, aliishi mbali, na mboga zake zilitoka kwingine.

Nilinusa miaka na miaka bila kosa. Vijana wakaniita Mzee Pua, nami nikavimba kichwa. Halafu nikashikwa na mafua mabaya. Mafua yakaisha, pua ikakataa kurudi kazini. Nikanusa kitunguu, kimya. Nikanusa soksi zangu, kimya. Sikumwambia mtu. Kwa umri ule nani angeniandika tena, na Mzee Pua bila pua ni nani?

Basi nikajitafutia wasaidizi: korongo, wale ndege wenye upara wanaoshinda jaani. Lori la mabaki ya chakula walilirukia mgongoni kabla halijasimama. La kemikali walilikimbia. Mimi nilinusa fimbo kwa madaha, macho yakiwa juu kwa ndege, kisha nikatoa hukumu. Mungu anisamehe, nilisifiwa mpaka nikatengenezewa kiti cha mbao langoni.

Asubuhi moja likaja lori geni. Nikatazama juu, hakuna korongo hata mmoja. Kumbe mtu alikuwa amemwaga matumbo ya ng'ombe upande wa pili wa shimo, nao wameenda karamuni. Wasaliti! Na Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake cha uji.

"Niaje, mzee wangu," dereva akasema. "Ni maganda ya viazi tu, ya hoteli. Fungua tuingie."

Nikadunga. Fimbo ikarudi na ganda la kiazi. Nikanusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka dereva akauliza kama nanusa ama nalia. Neno "pita" lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikamwona mke wangu kule chini, akichuma sukuma ya chakula cha jioni. Nikashusha fimbo.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi sinusi kitu. Sijanusa kitu tangu yale mafua."

Wachambuzi wote wakageuka. Neema, dada mmoja wa mtaa wa Huruma aliyechambua plastiki karibu na lango, akatupa gunia, akapanda lori, akafukua, akashuka akikohoa. "Kuna mitungi huku chini! Aki, inachoma koo!" Dereva aligeuza lori kwa haraka hata akaacha kofia yake.

Nikavua koti la mvua nikampa Mwenyekiti. Machozi yalinilengalenga, sifichi.

"Vaa koti lako," akasema. "Unadhani sikujua? Tangu paka alipokufa chini ya kiti chako. Siku tatu watu wanapita wameziba pua, wewe unakunywa chai na kusema upepo wa leo ni mtamu."

"Na hukunifukuza?"

"Nilimhamishia Neema hapa anuse malori baada yako, nikangoja useme mwenyewe. Pua ziko tele hapa, mzee. Mtu wa kukiri kwamba hajui ndiye adimu."

Fimbo nikamwachia Neema, nikamfundisha kudunga hadi nilipostaafu. Siku ya kuniaga, wanachama walinizawadia chupa ya manukato. Washenzi hao! Walicheka mpaka Mwenyekiti naye akacheka.

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, najipaka kidogo kidogo, nikimwuliza mke wangu kama yametosha. Akisema yametosha, naacha hapo hapo. Sina njia nyingine ya kujua, na siku hizi sioni haya kuuliza.