Ofa ya Jumanne, Meza Moja

Wabuge alikuwa karani wa stoo ya mahindi Eldoret, mtu wa kusoma karatasi hadi mstari wa mwisho. Benki ilipomtumia ujumbe kwamba Jumanne mwenye kadi atalipa nusu bei katika hoteli fulani ya ghorofani, hakurukaruka kama wajinga. Aliusoma mara tatu. Watu wasiopungua watatu, meza moja, bili moja, mwenye kadi awepo. Basi, akajiambia, Mungu amekumbuka hata makarani.

Ofa hiyo aliihitaji kuliko alivyokuwa tayari kukiri, maana mshahara ulikuwa na miezi miwili haujaonekana. Nekesa, aliyeishi naye katika chumba kimoja kule mtaa wa West Indies, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mamake, Mama Selpha, alikuwa anakuja kutoka Kimilili kuona kama bintiye analishwa. Akiridhika, Nekesa angejifungulia Eldoret. Asiporidhika, mama angerudi naye Kimilili, na mtoto anayezaliwa kwa kina mamake kabla mahari haijatolewa huitwa mtoto wa huko na kupewa jina la huko. Wabuge alishakuwa na jina: Wanyonyi, la babake aliyezikwa mwaka uliopita. Jina alikuwa nalo, ng'ombe hakuwa na hata kwato.

Mama Selpha naye hakuwa mtu wa kula nyumbani kwa mkwe ambaye hajaleta hata mbuzi. Alisema wakutane mjini. Kwenye kadi zilibaki shilingi elfu moja na mia nne. Jumanne, katika hoteli ile, Wabuge akaagiza vyakula vya elfu mbili na mia nne, kuku na samaki na mboga na ugali, pamoja na chai yake, akijua nusu yake anaiweza. Mara moja maishani alijiona mwanamume anayelisha watu.

Lakini kwa Wabukusu, watu wa kwao, mkwe na mama mkwe hawali meza moja wala kutazamana wakila; ni mwiko. Hilo Wabuge alilijua tangu utotoni, kiasi kwamba hakuona haja ya kulifikiria. Aliwasalimu Nekesa na mamake kutoka mbali akitazama sakafu, akaenda kukaa meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, mgongo kwao, na chai yake. Ng'ombe walimshinda, lakini heshima angeitoa yote. Nyuma yake alimsikia Nekesa akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mshahara ukatike. Roho ikamtulia. Masikini, alidhani mambo yameiva.

Cynthia, weita, akaja na karatasi mbili.

"Sir, bili zenu ndizo hizi. Ofa sijaweka, mko meza mbili."

"Lakini ni watu wangu. Yule ni mama mkwe."

"Naelewa, but system haijui mama mkwe. Enda tu ukae nao kidogo, niunganishe bili. Manager anaangalia. Ni dakika moja."

Wabuge alipiga hesabu. Bila ofa, kadi ingekataa, na mama mkwe angeshuhudia mwanamume akiaibishwa na mashine. Dakika moja ilikuwa ndogo. Angeinama, angekaa ukingoni mwa kiti, asiangalie mtu, kisha aondoke. Hesabu ya karani huyo, kila kitu kimo isipokuwa binadamu. Akampa Cynthia kadi, akainuka na chai yake, akavuta kiti, akakaa.

Mama Selpha alikuwa amengoja muda huo wote kabla ya kula, akizungumza na bintiye. Sasa ndipo alipokuwa amekata tonge la kwanza, liko mdomoni nusu. Macho yao yakakutana. Mama mtu mzima akalirudisha tonge kwenye sahani, akajifunika uso kwa leso, akasimama na kutoka. Nekesa akamfuata, mkono tumboni.

"Imepita, sir," Cynthia alisema kutoka kwa kaunta. "Umesave elfu moja mia mbili."

Wabuge alimkuta Nekesa kwenye ngazi. Mamake alikuwa ng'ambo ya barabara, amewapa mgongo.

"Wabuge, umefanya nini?"

"Ilikuwa dakika moja tu. Kadi ingekataa, Nekesa. Ningefanyaje?"

"Si ungeniambia huna pesa? Mama angekula hata mandazi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimuumiza kuliko makelele. "Alikuwa ameshaniambia nikae. Pale mezani. Alisema, huyu kijana hana kitu lakini ana heshima, kaa na yeye."



"Mwambie naomba msamaha. Mwambie nitatafuta mbuzi wa kumtakasa, kama mila inavyodai."

"Utampata wapi, huyo mbuzi?"



"Na mtoto?" Wabuge aliuliza.

"Atazaliwa kwetu. Jina watatoa wao." Nekesa alifuta macho kwa kiganja. "Nipe ufunguo, nikachukue nguo."

Akampa. Alitamani kuvuka naye barabara, lakini ng'ambo alisimama yule ambaye hakuweza tena kumkaribia. Akawatazama wakipotea kwenye kona ya soko, mkubwa mbele, mwenye mimba nyuma.

Cynthia akachungulia juu ya ngazi.

"Sir, na chakula cha mama? Hata hajakila. Nikufungie?"

Wabuge akasema ndiyo, amfungie, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu.