Aliyepasha Ngoma

Jirani akichoma majani makavu ya migomba, mimi hufunga dirisha. Moshi ule hunirudisha uani kwetu Chonyonyo, kando ya banda la kahawa, ambako bendi ya kijiji ilifanyia mazoezi. Unyevu wa mvua ulilegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo kabla ya gitaa kulia ilikuwa lazima zipashwe kwa moto wa majani hayo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Dada yangu aliimba.

Nilipuliza moto machozi yakinitoka, huku mpiga gitaa akimwambia dada, "Bila wewe hatuna bendi." Akamletea kiti, akamletea na soda. Soda nzima, na mimi sikuachiwa hata tone! Gauni lake lilinukia sabuni. Langu lilinuka moshi hata kanisani.

Juzi harusini, mzee mmoja, shabiki wao wa zamani, alimkumbatia dada. "Bendi yetu ile! Na ngoma zenu zilivyokuwa zikilia, hata mvua inyeshe!"

Dada akacheka tu.

"Shikamoo," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, mama. Na wewe mgeni wetu, umetokea wapi?"