Tanga Lisilo na Tumbo

Mzee Khalfani anashona maturubai Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka la mabomba. Ameyashona miaka thelathini na mmoja: ya wauza viazi, ya malori ya Mtwara, ya misiba. Mgongo umepinda kidogo kidogo, na adhuhuri akiinuka kwenda kuswali hushika kwanza ukuta, kisha bega la binti yake Mboni, kisha ukuta tena.

Zamani alikuwa mshona matanga. Kazi aliirithi kwa babu yake, Shaibu, aliyejifunza bandarini enzi za Mjerumani na kuendelea nayo enzi za Mwingereza, wakati majahazi ya Uarabuni yalipoleta tende na chumvi, yakaondoka na boriti za mikoko. Nahodha aliyechanikiwa tanga njiani aliulizia Shaibu kabla hajaulizia maji ya kunywa. Khalfani alifundishwa angali mdogo, akashona mpaka injini zilipowasahaulisha manahodha jina lake.

Mwaka huu, kaskazi ilipoanza kuvuma, alikuja kibarazani nahodha mmoja wa Kilwa, Ridhiwani. Injini ya jahazi lake ilikuwa imekufa na kipuri kimeagizwa nje, haijulikani kitafika lini. Mabati na unga vimeshapakiwa. Tanga la akiba limeliwa na panya. Wazee wa kwao wamemwambia Dar amebaki mtu mmoja. Mzee alisikiliza bila kuinua uso, lakini Mboni aliona sindano imesimama katikati ya kitambaa.

Mzee alimshonea tanga jipya wiki tatu, kwa mkono, akimkataza Mboni kuligusa. Alisema jambo moja tu: likiondoka hili, yeye atapumzika. Hakutaka turubai la viazi liwe kazi yake ya mwisho duniani.

Jumamosi asubuhi walilipeleka kwa mkokoteni viwanja vya Mnazi Mmoja, maana kibarazani halikunjuki. Wapita njia wakalizunguka. Muuza kahawa akauliza ni hema la harusi ya nani, wajue pilau linaliwa wapi. Mboni akamjibu bwana harusi ni upepo, na yeye hapiki.

Ridhiwani na mabaharia wake wakalifunga kwenye mti mrefu, wakaliinua. Upepo ukaja. Tanga likasimama limenyooka kama ukuta uliopigwa chokaa. Mabaharia wakasifu, hata kunyanzi moja halina. Mzee Khalfani alitembea kando ya tanga, kiganja kikipapasa kamba iliyoshonewa pembeni, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akakaa chini kwenye nyasi.

Turubai hushonwa kitambaa kikiwa kimevutwa sawasawa na kamba, kisilegee, kwa sababu likilegea maji ya mvua hujaa katikati na kumwagikia bidhaa za watu. Tanga ni kinyume chake. Kwa kila pima ya kamba, mshonaji hubana vidole vinne vya kitambaa cha ziada, tanga lipate tumbo la kushika upepo. Mzee alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Mikono yake ndiyo iliyolishona kwa mazoea, likawa turubai kubwa kuliko yote, siku baada ya siku, yeye akiwa ameinamia palepale.

"Nahodha, tanga hili halina tumbo."

Ridhiwani akacheka. "Hata mimi sina, mzee wangu. Tutafika tu."

"Mtafika wapi? Upepo utateleza juu yake, uwasukume kwa ubavu mpaka kwenye miamba."

Ridhiwani akalitazama tena, akakiri kwamba yeye amekulia kwenye injini, hayo hayajui. Alipanga kuondoka kesho yake. Mzee akaomba siku tano. Akapewa tatu.

Mboni akachuchumaa mbele yake. "Baba, umechoka. Mwache aondoke nalo, si mwenyewe ameridhika?"

"Watu saba watakaa chini yake, mwanangu. Nipe mkasi."

Walifumua kamba yote, na jioni hiyo wakaanza upya. Siku ya pili vidole vya mkono wa kulia viligoma kukunjika. Mzee akaitazama sindano kitambo, kama mtu anayeagana na jirani anayehama, akampa Mboni. Tangu hapo yeye alipima na kubana kitambaa kwa mkono wa kushoto, Mboni akashona. Alimkosoa mara mbili. Baadaye hakumkosoa tena, na Mboni hakujua ni kwa kuridhika au kwa kuchoka.

Jumanne lilichukuliwa. Mzee hakwenda bandarini. Alisema ngazi za gati ni nyingi.

Ijumaa Ridhiwani akapiga simu kutoka Kilwa. Wamefika salama, na tanga linavuta mpaka mabaharia wanaogopa. Mboni akageuka kumpa baba yake simu, akamkuta amepitiwa na usingizi, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono imelala mapajani. Mbele ya kibaraza alisimama muuza viazi na turubai lililochanika, akilalamika kwamba mvua haimsubiri mtu. Mboni akamwashiria ateremshe sauti. Akalipokea, akatafuta pale palipochanika.