Nilivyombeba Mama Hadi kwa Daktari wa Viungo

Naona haya hata kulisimulia jambo hili. Mama alipopooza mguu, sikukubali akanyage chini. Nilimbeba mgongoni hadi kanisani, na watu waliponisifu nilivimba kichwa. Niliposikia kuna kliniki ya binafsi imefunguliwa Mkuyuni, ina daktari wa viungo, nikambeba tena. Kwenye kivuko cha Busisi abiria walinipisha kama mkuu wa mkoa.

“Shikamoo, mama,” daktari alimwamkia. “Hebu simama.”

“Hawezi!” nikadakia.

Mama akasimama. Akachechemea hadi dirishani, akageuka, akarudi.

“Umeanza lini kutembea?” daktari akamuuliza.

“Tangu Pasaka, huyu akienda shamba. Akirudi nakaa. Anapenda sana kunibeba mbele za watu.”